Robert Koch: Mtafiti wa Vijidudu Aliyepita Dar es Salaam

Sisi waseminari tunaotumwa Tandale siku za Jumamosi kuwatembelea wagonjwa tunakutana mara kwa mara na magonjwa matatu: kifua kikuu, malaria na, mvua zikizidi, hofu ya kipindupindu. Wengi mnakumbuka Agosti 2015, kipindupindu kilipolipuka hapa Kinondoni, Tandale ikiwemo, kisha kikasambaa mikoani. Magonjwa hayo matatu yanakutana katika maisha ya mtu mmoja, daktari Mjerumani aitwaye Robert Koch. Hakuwa mtakatifu, wala hatumwandiki hapa kama mfano wa kuigwa katika kila jambo. Tumemchagua kwa sababu aliishi na kufanya kazi Dar es Salaam, na kwa sababu maisha yake yanagusa maswali mawili tunayoulizana darasani: tunajuaje kwamba kitu fulani ndicho sababu ya kingine? Na je, ni halali kumtumia mtu mmoja ili wengine wapone?

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa machimbo katika milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi na nyumba ilikuwa na watoto 13. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akamaliza 1866, na mwaka uliofuata akamwoa Emmy Fraatz. Walipata binti mmoja, Gertrud. Baada ya kuhudumu katika vita kati ya Ujerumani na Ufaransa, alipelekwa mwaka 1872 kuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia, na tunapenda kulitaja hili kwa wenzetu wanaodhani kwamba bila maabara kubwa hakuna kinachowezekana. Daktari huyu wa mashambani alikuwa akitibu wagonjwa mchana. Jioni alijifungia katika sehemu ya chumba chake cha kazi na hadubini yake na panya wake. Mifugo ya wilaya ilikuwa ikifa kwa kimeta. Koch alichukua damu ya kondoo aliyekufa, akaitia katika panya kwa kijiti, panya akafa, akachukua damu ya panya huyo akaitia katika mwingine, akaendelea hivyo. Alikuza vijidudu hivyo katika majimaji ya jicho la ng'ombe, akaona jinsi vinavyojifungia katika mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini muda mrefu zikisubiri. Ndiyo maana malisho yaliyoonekana safi yalikuwa yanaua. Mwaka 1876 alikwenda Breslau akawaonyesha maprofesa kazi yake, nao wakakubali.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin. Akiwa huko yeye na wasaidizi wake walitafuta namna ya kuotesha aina moja tu ya kijidudu bila kuchanganyika na nyingine. Walijaribu vipande vya viazi, wakajaribu jelatini, lakini ilikuwa ikiyeyuka kwenye joto. Jibu lilitoka jikoni: Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi hao, alikuwa akitumia agari, utomvu wa mwani wa baharini, kugandisha vyakula vyake. Hadi leo maabara za hospitali zetu zinaotesha vijidudu juu ya agari. Mama huyo hatajwi sana.

Tarehe 24 Machi 1882 Koch alisimama mbele ya madaktari wa Berlin akatangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Wakati huo ugonjwa huo ulidhaniwa na wengi kuwa wa kurithi, wa damu ya ukoo fulani. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Kifua Kikuu Duniani, ile ambayo watu wa zahanati hupita mitaani wakihimiza watu wapime makohozi.

Mwaka uliofuata kipindupindu kilizuka Misri. Koch alikwenda Alexandria, kisha akakifuata ugonjwa huo hadi Calcutta, India, ambako mapema 1884 alithibitisha kwamba unatokana na kijidudu kilichopinda kama alama ya mkato. Mwitalia Filippo Pacini alikuwa amekwisha kukiona miaka 30 kabla, lakini hakuna aliyemsikiliza. Huko Calcutta Koch aliona pia madimbwi ambayo watu walioga humo, wakafua humo na wakanywa humo humo. Miaka minane baadaye, 1892, mji wa Hamburg ulipigwa na kipindupindu, wakafa zaidi ya watu 8,000. Mji jirani wa Altona uliotenganishwa nao na barabara tu, na uliokuwa ukinywa maji ya mto uleule, uliponea kwa kiasi kikubwa. Tofauti ilikuwa moja: Altona ilichuja maji yake kwa mchanga, Hamburg haikuchuja. Anayeishi kando ya Mto Ng'ombe hahitaji maelezo marefu hapo.

Hapa turuhusiwe kuingia kidogo darasani. Katika mantiki tunaonywa kwamba jambo kufuatana na jingine si uthibitisho kwamba la kwanza limesababisha la pili. Koch aliishi na onyo hilo kila siku. Ili kusema kijidudu ndicho sababu ya ugonjwa, alidai kionekane kwa wagonjwa wa ugonjwa huo, kitolewe mwilini na kuoteshwa peke yake, kisha kikiingizwa katika mnyama mzima kilete ugonjwa uleule. Kanuni hizo zina jina lake hadi leo. Lakini tunavutiwa zaidi na kwamba mambo yenyewe yalimkatalia. Kijidudu cha kipindupindu hakikumpa mnyama kipindupindu cha kawaida, na baadaye Koch mwenyewe alikikuta katika matumbo ya watu wazima wa afya. Mwaka 1892 mpinzani wake mzee wa Munich, Max von Pettenkofer, alikunywa vijidudu hivyo hadharani na hakufa. Pettenkofer alikosea, lakini hakukosea katika yote: kijidudu lazima kiwepo, ila peke yake hakitoshi. Lazima pawepo pia choo kinachofurika, kisima kilicho jirani na choo hicho, na mtu asiye na njia nyingine ya kupata maji. Aristotle angeziita sababu za aina tofauti, na serikali ya mtaa ingehusika na baadhi yake.

Umaarufu ulimpanda kichwani, na mwaka 1890 Koch alijikwaa vibaya. Alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, akakataa kusema imetengenezwa na nini. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka nchi nyingi. Dawa hiyo, tuberkulini, haikuponya, na wengine walikufa baada ya kudungwa. Leo inatumika kwa kazi nyingine, yaani kipimo cha ngozi cha kujua kama mtu amewahi kuambukizwa. Wakati huohuo ndoa yake ilivunjika. Mwaka 1893 aliachana na Emmy akamwoa msichana mwigizaji, Hedwig Freiberg, na Berlin nzima ikasema. Tangu hapo alipenda zaidi kuwa safarini kuliko nyumbani. Mwaka 1896 alikwenda Kimberley, Afrika Kusini, kwa ajili ya sotoka iliyokuwa ikimaliza ng'ombe. Mwaka 1897 Bombay kwa ajili ya tauni. Kutoka Bombay akavuka bahari kuja kwetu.

Alifika Dar es Salaam katikati ya 1897, akiwa na miaka 53, na kukaa hadi 1898. Mji ulikuwa mdogo umezunguka bandari; Tandale ilikuwa mbali kabisa nje yake. Hospitali mpya ya serikali, ile ambayo majengo yake leo ni sehemu ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, ilikuwa imefunguliwa mwaka huohuo kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwingine, katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za tajiri Sewa Haji, ambaye jina lake bado liko Muhimbili. Koch aliweka hadubini yake akaanza kuchukua tone la damu kwa kila mgonjwa wa homa. Kabla yake, homa nyingi za pwani ziliitwa malaria bila kuangaliwa. Yeye alionyesha kwamba nyingine hazikuwa na kimelea chochote cha malaria, na kwamba kwinini inafanya kazi ikitolewa kwa wakati unaolingana na mwendo wa kimelea ndani ya damu. Kuhusu homa ya mkojo mweusi, iliyowaogopesha sana Wazungu, alidai kwamba kwinini yenyewe ikitumiwa ovyo ndiyo inayoichochea.

Wakati huohuo, Agosti 1897, Mwingereza Ronald Ross huko India aliona kimelea cha malaria ndani ya tumbo la mbu. Koch naye alikuwa akilifikiria jambo la mbu, na hapa tunafika sehemu ya maisha yake tunayoipenda kuliko zote. Alipopanda milima ya Usambara aliwakuta Washambaa wakisema kwamba huko juu homa haipo, ila mtu akishuka bondeni hurudi nayo. Na ugonjwa huo waliuita mbu, jina lilelile la mdudu, kwa kuwa walisema huletwa na kung'atwa na mbu wa huko chini. Koch aliliandika hilo katika ripoti yake. Wazee wa Usambara walikuwa na jibu kabla ya Ross kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Hawakuwa na hadubini, hawakujua kimelea ni nini, lakini walikuwa wametazama vizuri miaka mingi, nani anaugua na nani haugui, na alikuwa ametoka wapi.

Si hao tu. Kule Kiziba, Bukoba, kulikuwa na ugonjwa ulioua watu kwa haraka, ambao wenyeji waliuita rubunga. Koch alichunguza vielelezo alivyopelekewa akathibitisha kwamba ni tauni. Na wenyeji walikuwa wanajua kwamba panya hufa kwanza. Wakiona panya wanakufa ndani ya nyumba, walihama. Tusitie chumvi: si kila lisemwalo na wenyeji ni kweli. Tandale bado tunakutana na mama anayeambiwa kwamba degedege la mtoto wake ni la shetani na asimpeleke hospitali, na mtoto huyo ana malaria kali. Tofauti kati ya Mshambaa yule na mshauri wa mama huyu ni kwamba wa kwanza alikuwa ameangalia.

Koch aliondoka akaenda kuchunguza malaria Italia, Java na New Guinea. Huko aliona kwamba watoto wadogo ndio wanaobeba vimelea wengi, hata wakionekana wazima. Kutokana na hayo alipendekeza njia yake: pima damu ya kila mtu, mtafute anayebeba vimelea, mpe kwinini hadi aishe navyo. Dar es Salaam ikawa mahali pa majaribio kuanzia 1901. Madaktari wa serikali walikwenda nyumba kwa nyumba wakichukua damu. Kazi ilikuwa kubwa kuliko nguvu zao. Watu walihamahama, wengine walijificha, kwinini ni chungu, na mbu waliendelea kuzaliana, kwa kuwa njia ya Koch ilimlenga binadamu na kumwacha mbu. Sisi tunaona alishikilia upande mmoja mno.

Alirudi Afrika mara nyingine. Mwaka 1903 na 1904 alikuwa Bulawayo kwa ajili ya ndigana ya ng'ombe, na mwaka 1905 akatua tena Dar es Salaam. Safari hii alifuata papasi. Wapagazi na wasafiri wa njia ya misafara kuelekea bara walikuwa wakishikwa na homa inayoachia siku chache kisha inarudi, tena na tena. Koch alichimbua udongo mkavu wa sakafu katika vibanda vya kulala wageni, akakusanya papasi, akawapasua. Alikuta vijidudu vya homa hiyo si katika papasi waliokomaa tu bali hata ndani ya mayai yao. Maana yake papasi mchanga huzaliwa tayari na ugonjwa, na kibanda kinaweza kubaki hatari kizazi hadi kizazi. Ushauri wake kwa msafiri ulikuwa rahisi: usilale katika kibanda cha zamani, piga hema mbali kidogo. Wengine walikuwa wakifanya kazi hiyohiyo kwa wakati mmoja. Kijana Mwingereza Joseph Dutton aliifanya Kongo, akafa kwa homa hiyo mwaka uleule akiwa na umri usiozidi wa baadhi yetu kwa miaka mingi. Koch alifanya kazi pia Amani, Usambara, katika taasisi ya utafiti ambayo Wajerumani waliianzisha 1902, akiwachunguza mbung'o. Ni mwaka huo pia vita vya Maji Maji vilianza. Desemba alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Angeweza kupumzika. Lakini mwaka 1906 akarudi, akiwa na miaka 62, kwa ajili ya malale. Ugonjwa huo ulikuwa umeingia pande za Ziwa Victoria. Daktari Albert Cook na nduguye walikuwa wameutambua Mengo mwaka 1901, na ndani ya miaka michache ulikuwa umeua watu wapatao 200,000 nchini Uganda. David Bruce na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 1903 kwamba unaletwa na mbung'o. Koch aliweka kambi katika kisiwa cha Bugala, visiwa vya Sese. Mapadre Weupe nao walikuwa na misheni visiwani humo na walikuwa wakiwahudumia watu wanaokufa polepole, ambao hulala hata chakula kikiwa mdomoni.

Habari ilienea kwamba kuna daktari mwenye dawa, na watu wakaja kwa mitumbwi kwa mamia, wengine wamebebwa. Dawa iliitwa Atoxyl, yenye aseniki ndani yake, na aseniki ni sumu. Koch alipima wagonjwa kwa kudunga sindano katika tezi za shingo, akawapa nusu gramu siku mbili mfululizo, kisha tena baada ya siku kumi hivi. Wengi walipata nafuu. Waliokuwa hawasimami walisimama. Vimelea vilitoweka katika tezi, kisha kwa baadhi vikarudi. Basi Koch akaongeza dozi hadi gramu nzima. Wagonjwa walilalamika maumivu na kizunguzungu, na wengine walianza kutoroka. Kisha wakaanza kupofuka. Watu 22 walipoteza macho yao moja kwa moja. Koch akarudi kwenye dozi ya mwanzo.

Tumejadiliana sana juu ya watu hao 22, na hatukukubaliana. Mmoja wetu alisema: malale isiyotibiwa huua, kwa hiyo kipofu aliye hai amepata kitu, na daktari aliishi katika kambi ileile mwaka mzima akijaribu kuokoa watu ambao hakuna mwingine aliyekuwa na dawa kwa ajili yao. Hoja hiyo ina uzito. Mwingine alijibu kwamba swali ni nani aliyeamua. Mwaka 1900 serikali ya Prussia, baada ya kashfa ya daktari aliyewadunga watu bila kuwaeleza, ilikuwa imeagiza kwamba hospitalini mtu asifanyiwe jambo lisilo la kumtibu bila kuelezwa madhara na kukubali mwenyewe. Agizo hilo lilihusu kliniki za Prussia, na Bugala haikuwa Prussia. Aliyekuja kwa mtumbwi alijua anakuja kutibiwa. Hakujua kwamba kiasi cha dawa kilikuwa bado kinatafutwa katika mwili wake. Kant alifundisha kwamba mtu asitumiwe kama njia tu, na Kanisa linasema hivyo kwa maneno yake lenyewe. Sisi wengine tunaona kosa halikuwa kujaribu dawa ngeni, maana kila dawa ilianza kwa kujaribiwa. Kosa lilikuwa kupandisha dozi juu ya watu waliokuwa wamekwisha kusema kwamba inawaumiza. Walikuwa wameangalia, kama Washambaa, na safari hii hawakusikilizwa kwa wakati.

Koch aliondoka Sese mwishoni mwa 1907. Alikuwa ameshauri kwamba vichaka vya ufukweni vikatwe, mamba ambao mbung'o walinyonya damu yao wauawe, na wagonjwa watengwe katika kambi. Upande wa Wajerumani kambi ziliwekwa, mojawapo Shirati na nyingine Kigarama karibu na Bukoba, na wagonjwa waliendelea kuzitoroka. Upande wa Uganda Gavana Hesketh Bell alihamisha watu wote wa Sese mwaka 1909, na visiwa vikabaki vitupu miaka kumi hivi. Huko Ujerumani Paul Ehrlich, aliyewahi kufanya kazi chini ya Koch, aliichunguza Atoxyl na kuibadilisha tena na tena hadi yeye na Mjapani Sahachiro Hata wakapata Salvarsan, dawa ya kaswende, iliyoanza kuuzwa 1910.

Mwaka huohuo, tarehe 27 Mei, Koch alifariki kwa ugonjwa wa moyo huko Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Majivu yake yamewekwa ndani ya taasisi yake Berlin, inayoitwa kwa jina lake. Amani, Muheza, ambako aliwapasua mbung'o wake, bado kuna kituo cha utafiti wa magonjwa, chini ya taasisi ya taifa, na wanaofanya kazi humo sasa ni Watanzania.